Sisi Tulioisafisha Njia ya Punda

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Polisi, Lushoto
Jina la shahidi: Klara Sefania Mntangi
Umri: Miaka 41
Kabila na dini: Msambaa, Mkristo wa Kilutheri
Kazi: Mkulima. Pia ni katibu wa akina mama wa UWT, tawi la Kwemkole
Makazi: Kijiji cha Kwemkole, upande wa Mtae
Tarehe na saa: 27 Aprili 1971, kuanzia saa nne na dakika kumi asubuhi
Lugha: Kiswahili
Kuhusu: Issa Shekalaghe, mahabusu, anayetuhumiwa kuharibu mazao ya shamba la ujamaa na kumdanganya kiongozi

Mimi ndiye niliyeandikwa hapo juu. Koplo Saidi amenieleza kwamba niseme yale niliyoyaona kwa macho yangu na niliyoyatenda kwa mikono yangu, na kwamba nikisema uongo naweza kushtakiwa. Nimeelewa. Naomba kwanza iandikwe kwamba sikuletwa na mtu. Jana nilitembea hadi Mlalo, nikalala kwa shangazi yangu, na leo nimepanda basi la asubuhi. Koplo amenipa maji na nimekunywa.

Njia ninayoisemea ni njia ya punda inayotoka kijijini kwetu Kwemkole na kushuka hadi Mnazi. Kwa njia hiyo mtu mwenye miguu mizima anafika chini kwa saa tatu. Kwa barabara ya gari inabidi azunguke siku nzima, na wakati wa masika hata hilo gari halipiti. Watu wa Mnazi hupandisha chumvi na mahindi katika soji za punda, sisi tunateremsha maharage na miwa, na wengi wetu tuna mashamba huko bondeni. Watu wanaoishi kwenye mteremko hupandisha wagonjwa wao hapo kwa machela wakienda zahanati. Nilizaliwa nikaikuta njia hiyo. Mama yangu naye alizaliwa akaikuta.

Issa Shekalaghe namfahamu tangu utotoni. Ana punda watatu na kazi yake ni kubeba mizigo ya watu. Si ndugu yangu. Yeye ni Mwislamu, mimi ni Mkristo, ila mke wake Hadija nateka naye maji kisima kimoja. Nimeulizwa kama Issa ni mtu wa fujo. Issa ana mdomo, hilo kila mtu atakwambia, lakini fujo sijaiona kwake.

Mnamo tarehe 12 Januari mwaka huu, Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Ramadhani Ngoda, aliifunga njia hiyo pale inapokatiza shamba letu la ujamaa. Alivuta seng'enge upande wa juu na upande wa chini. Mwenyekiti si mtu mbaya na sitaki niandikwe kana kwamba namsema vibaya. Punda walikuwa wanaingia katika kabichi za kijiji. Kabichi zile nilizipanda mimi pia, na niliwahi kukuta tuta zima limebaki vikonyo tu, nikatukana mpaka nikaona aibu. Issa alimwendea Mwenyekiti akasema atawafunga punda wake vikapu mdomoni kila wakipita. Mwenyekiti akamjibu, "Wa kwako sawa. Wa Mnazi atawafunga nani?" Wakaachana hivyo.

Mnamo tarehe 9 Februari, saa moja asubuhi, nilisikia makelele nikakimbilia kwenye seng'enge ya chini. Wanaume wanne walikuwa wamembeba Tatu, mkwe wa Mzee Hassani wa pale mteremkoni, kwenye machela. Alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu jana yake. Machela haikupita chini ya waya. Walijaribu kuipitisha juu, ikakwama. Tatu alijifungulia hapohapo kwenye majani, nami ndiye niliyempokea mtoto. Mtoto ni mzima. Tatu alivuja damu nyingi na mpaka leo hawezi kubeba ndoo. Issa alikuwapo. Hakusema neno siku ile, na mimi nikajua kwamba akianza hatanyamaza.

Alianza kesho yake. Alipita nyumba kwa nyumba, Waislamu baada ya sala ya Ijumaa, Wakristo baada ya ibada ya Jumapili, akituomba tuweke dole gumba kwenye barua ya kwenda kwa Bwana Katibu Tarafa. Watu waliogopa. Shamba lile ni la ujamaa, na mtu anayelalamikia shamba la ujamaa anaweza kusemwa kwamba anapinga ujamaa wenyewe. Hata mimi niliogopa, maana ni kiongozi wa akina mama na nina kadi ya TANU tangu mwaka wa sitini. Nilikaa na barua ile siku mbili chini ya godoro. Siku ya tatu nilitia sahihi yangu kwa wino.

Katika barua ile Issa alieleza juu ya lundo la mawe. Lundo hilo lilikuwa kando ya njia, ndani ya eneo lililofungwa, mahali mteremko unapoanza kuwa mkali. Desturi yetu ni kwamba anayepanda kutoka Mnazi huokota jiwe chini, na akifika pale hulitupa juu ya lundo, ili uchovu wake ubaki hapo. Wazazi wetu walifanya hivyo na wazazi wao. Lundo lilifika kifuani kwa mtu mzima. Issa aliandika kwamba asiyeamini kuwa njia ni ya zamani aje alitazame lundo lile.

Majibu yalikuja tarehe 14 Aprili. Bwana Katibu Tarafa aliandika kwamba atakuja mwenyewe Alhamisi tarehe 22 kuona kwa macho yake. Akikuta kwamba ni njia ya zamani ya watu wote, seng'enge itafunguliwa na kabichi zitawekewa ua wake. Akikuta kwamba si ya zamani, neno hilo limekwisha, na atakayeendelea kulisema atachukuliwa kuwa mchochezi. Barua ilisomwa shuleni mbele yetu wote. Tulifurahi sana. Issa peke yake hakufurahi, alikuwa anaisoma ile sentensi ya mwisho mara kwa mara.

Jumanne tarehe 20, saa kumi na mbili asubuhi, Issa aliondoka kwenda Mnazi kumchukua Mzee Bakari, ambaye alianza kupandisha punda tangu enzi za Wajerumani, ili aje kuwa shahidi. Alizunguka kwa barabara kwa sababu hakutaka kuonekana akivuka waya kabla ya Bwana Katibu kufika. Nimeulizwa kama alitoa amri yoyote kabla ya kuondoka. Hakutoa. Alinisalimu mlangoni, akasema, "Klara, wewe unaangalia wageni." Basi. Hakutuambia tusiguse kitu, na nani angefikiria kwamba sisi wanawake wa Kwemkole tunahitaji kuambiwa tusifagie?

Sasa nafika kwenye jambo lililonileta.

Jumanne jioni nilikwenda kuitazama njia. Miezi mitatu ilikuwa haijapitwa na mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Majani yalifika magotini. Mistari ya kabichi mpya ilikuwa imevuka katikati yake. Kwenye mteremko maji yalikuwa yamekula udongo na kuacha tope tupu. Niliona aibu. Kwetu mgeni wa mtu mmoja akija, nyumba inafagiwa. Mgeni wa kijiji akija, tunatoka wote kwa msaragambo, kila mtu na jembe lake, tunalima njia mpaka mlangoni. Na huyu si mgeni wa kawaida, ni mkubwa wa serikali, anakuja kwa ajili ya njia yenyewe. Nikasema moyoni, atatuona watu gani sisi, tunaililia njia halafu tunaiacha ikae kama pori?

Jumatano tarehe 21, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, nilipita nyumba kwa nyumba mimi mwenyewe. Niliwaita akina mama peke yao, kwa sababu wanaume ningewaita wangeanza mkutano. Walikuja kama thelathini. Tuliingia kwa kuinama chini ya seng'enge, hatukukata waya hata mmoja. Tulianza kazi saa mbili.

Tulifyeka majani yote na kuyatupa mbali. Tulichimba kingo pande zote mbili zikanyooka. Miche ya kabichi iliyokuwa katikati ya njia tuliing'oa pamoja na udongo wake tukaipanda pembeni na kuimwagia maji, na niliyeung'oa mche wa kwanza ni mimi. Mpaka naondoka kijijini ilikuwa imeshika vizuri, isipokuwa miwili.

Kisha tukafika kwenye tope la mteremko. Tulijaribu kumwaga mchanga, ukamezwa. Mimi nilisema, "Bwana Katibu atakuja na viatu vya ngozi, atateleza hapa mbele ya watu." Tukatazama huku na huku, na mawe yalikuwa palepale, mengi, ya kutosha. Mama mmoja mzee aliniuliza kwa Kishambaa kama mawe yale siyo waliyoyaweka mama zetu. Jina lake nalijua, silisemi. Nilimjibu kwamba ndiyo, na sisi tunayaweka vizuri zaidi. Wenzangu wakacheka. Yeye hakucheka, lakini alichukua kikapu akabeba kama wengine.

Lundo lote niliamuru libomolewe, tukatengeneza ngazi. Mawe yale upande wa juu yalikuwa na kuvu nene nyeusi ya miaka mingi, na kuvu ikilowa inateleza kama sabuni. Kwa hiyo nilielekeza yalazwe kuvu ikiwa chini, upande msafi juu. Ndiyo sababu Bwana Katibu aliona mawe meupe kama yaliyotoka kuchimbwa jana. Naomba hili liandikwe wazi: mtu akiyageuza, ataikuta kuvu.

Tulimaliza saa kumi jioni. Tuliimba tukirudi. Nilibaki nyuma kidogo nikaitazama, imenyooka, haina jani, na nilisema kwa sauti, "Sasa hii ndiyo njia." Tangu siku hiyo nayasikia maneno yangu hayo kila nikifumba macho.

Mnamo tarehe 22 Aprili, saa nne asubuhi, Bwana Katibu Tarafa alifika akiwa na karani wake, askari mmoja na Mwenyekiti Ramadhani. Sisi akina mama tulikuwa tumejipanga kando ya njia na kanga zetu nzuri. Muda mfupi baadaye Issa alitokea upande wa barabara na Mzee Bakari, wote wamelowa. Issa alimpa Bwana Katibu shikamoo na kuanza kueleza hata kabla hajavuta pumzi. Alieleza habari za lundo. Alisema, "Bwana mkubwa, twende nikuonyeshe, halihitaji maneno."

Tulivuka waya, tukatembea. Mimi nilikuwa nyuma yao hatua chache, nikingoja wasifie. Issa alikuwa anazungumza, halafu akanyamaza. Alisimama. Alitazama kingo, akatazama ngazi, akatazama pale lundo lilipokuwa. Palikuwa na udongo mwekundu tu, umefagiwa. Ndipo nilipoelewa tulichofanya. Nikashika mkono wa mwenzangu mpaka akalalamika.

Bwana Katibu aliinama akaokota shina la jani lililofyekwa, bado bichi. Akasema taratibu, "Bwana Issa, udongo huu umekatwa juzi au jana. Mawe haya hayajakanyagwa na mtu. Njia hii mmeitengeneza kwa ajili yangu." Mwenyekiti naye alikuwa ameshaziona kabichi zilizohamishwa, akasema, "Wameng'oa mazao ya kijiji." Hakusema kwa furaha, naye alionekana kushtuka.

Mzee Bakari alinyoosha fimbo yake akaonyesha pale palipofagiwa, akasema, "Lundo lilikuwa hapa, mwanangu. Hapa hapa." Bwana Katibu akatazama pale mahali patupu, kisha akamtazama mzee kwa huruma, kama unavyomtazama mtu aliyeanza kupoteza kumbukumbu. Mzee Bakari aliona alivyotazamwa. Alishusha fimbo.

Bwana Katibu akauliza, "Nani aliyefanya kazi hii?"

Issa aligeuka akatutazama sisi akina mama. Macho yake yalifika kwangu. Nilikuwa bado na tope kwenye kucha, lilikuwa limekataa kutoka. Alielewa. Nilifungua mdomo, na huu mdomo wangu ambao Kwemkole nzima inaujua haukutoa kitu. Issa akageuka tena akasema, "Mimi."

"Peke yako?"

"Mimi, Bwana mkubwa. Hawa mama waache waende nyumbani."

Askari akamshika mkono. Hakumvuta, walitembea pamoja tu. Bwana Katibu alimwambia Mwenyekiti aongeze seng'enge mstari wa pili. Sisi tulibaki tumesimama kando ya njia yetu safi na hakuna aliyemtazama mwenzake usoni.

Nimeulizwa kwa nini sikusema siku ileile. Niliogopa, hakuna sababu nyingine. Niliogopa kuitwa mpinga ujamaa, mimi ambaye nimewafundisha akina mama nyimbo zote za ujamaa. Niliogopa kupokonywa kadi. Nina watoto wanne, wa mwisho ana miaka mitano. Nilijiambia kwamba Issa ni mwanaume, atajieleza, ataachiwa kesho. Ijumaa hakurudi. Jumamosi hakurudi. Tuliambiwa atapelekwa mbele ya hakimu baada ya sikukuu. Usingizi ulinikataa na ugali ukanikataa. Wale akina mama nilipokutana nao kisimani waliinamisha ndoo zao wakajifanya wana haraka, kwa sababu kila mmoja alikuwa anangoja mimi niseme, nami ndiye niliyewaita.

Jana tarehe 26, Siku ya Muungano, saa tatu asubuhi tulikuwa shuleni. Niliongoza nyimbo kama kila mwaka. Niliimba na sauti ilitoka, nilijishangaa. Hadija mke wa Issa alikuwa amesimama nyuma kabisa. Tulipomaliza alinijia, nikawa tayari kutukanwa, nilitaka anitukane. Aliniambia, "Klara, asante kwa ile njia. Jana niliinama nikapita kwenda kukata majani ya punda. Sikuteleza hata kidogo." Hakunisema, wala hakunifumbia. Alikuwa anashukuru kweli.

Nilikwenda nyumbani nikamwambia mume wangu, Yohane, yote.  Akasema, "Kama unakwenda, sema mpaka mwisho. Usiache nusu." Niliondoka saa sita mchana.

Nimeulizwa majina ya akina mama wengine. Sitayataja. Walikuja kwa sababu niliwaita, na kwetu mtu akiitwa msaragambo haulizi, anachukua jembe. Aliyeita ni mimi. Aliyeelekeza kung'oa kabichi ni mimi. Aliyeelekeza lundo libomolewe ni mimi. Issa Shekalaghe wakati huo alikuwa Mnazi, na watu wa Mnazi waliomwona ni wengi, akiwemo Mzee Bakari, ambaye Issa alilala nyumbani kwake.

Nimeulizwa kama najuta kuisafisha njia. Swali hili limenishinda kidogo. Najuta kwamba nimemfunga Issa. Najuta kwamba mzee wa watu aliaibishwa mbele ya kiongozi akiwa anasema kweli. Lakini njia ni yetu, na kitu chako mgeni akija unakisafisha. Tungekuwa tumeiiba tungeificha. Sisi hatukuwahi kufikiri hata siku moja kwamba inahitaji ushahidi.

Nimesema mpaka mwisho kama nilivyoambiwa. Haya yote ni yangu mwenyewe, nimeyasema nikiwa na akili timamu, sikutishwa wala sikuahidiwa kitu. Nimesomewa na nimeyakubali, isipokuwa Koplo alikuwa ameandika "tulilibomoa" pale nilipoelekeza kubomoa lundo, nami nimeomba aandike "niliamuru libomolewe", akaandika.

Sahihi: Klara S. Mntangi

MAELEZO YA AFISA

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Saidi, na nimemsomea shahidi kwa Kiswahili, lugha ambayo anaifahamu vizuri. Yamemalizika saa saba kasoro dakika ishirini mchana. Kabla hajatia sahihi nilimweleza kwamba kwa maneno haya anaweza kuacha kuwa shahidi na kuwa mshtakiwa. Alijibu kwamba anajua.

Nilimwambia arudi nyumbani angoje wito. Amekataa. Ameuliza mahabusu ya wanawake iko upande gani, kwa kuwa amekuja na blanketi lake, na funguo za ghala ameshamwachia mume wake. Ameomba pia kwamba Issa Shekalaghe akitoka asiambiwe ni nani aliyekuja, aambiwe tu arudi kijijini mapema, punda hawajabeba kitu tangu Alhamisi.

Jalada nimelipeleka kwa Mkuu wa Kituo na kuomba mtu atumwe Kwemkole akageuze mawe. Shahidi bado amekaa kwenye benchi.